Lulu, Ngeli na Kompyuta Tano

"Mwalimu, huyu anakufa kila mara."

Msichana wa darasa la 6 alinigeuzia skrini. Mzamia lulu wake, aliyemchora na mikono mirefu na shuka nyekundu kiunoni, alikuwa akishuka kutoka kwenye jahazi kuelekea sakafu ya bahari, na kabla hajaokota chaza hata mmoja pumzi zilimwishia. Nikamwomba anionyeshe amri alizoandika. Alikuwa ameiagiza kompyuta ipunguze pumzi kulingana na kina: juu kabisa zipungue 1 kwa sekunde, mita 10 chini zipungue 2, mita 20 chini zipungue 3. Nilipomuuliza kwa nini, hakusita: "Si ulitufundisha kwamba mgandamizo wa maji unaongezeka?"

Nilifundisha hivyo, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Juu ya bahari tunabeba mgandamizo wa angahewa 1, na kila mita 10 za maji huongeza takriban nyingine 1, kwa hiyo mita 20 chini mtu hubanwa mara 3. Kosa lilikuwa mahali pengine. Hesabu ile inamfaa mpiga mbizi wa siku hizi mwenye mtungi wa hewa mgongoni, maana kila pumzi anayovuta kule chini humaliza hewa ya mtungi mara 3 zaidi. Mzamia lulu wa zamani hakuwa na mtungi. Alivuta pumzi moja juu ya maji akashuka nayo. Mapafu yake yalibanwa mpaka hewa ikabaki na theluthi ya nafasi yake, lakini oksijeni iliyokuwemo ilikuwa ile ile aliyoshuka nayo. Kilichoila ni muda, na kazi ya misuli.

Kwenye mtihani wa karatasi mtoto huyu angeandika "mgandamizo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka", apewe alama zote, na ile fikra potofu arudi nayo nyumbani. Ilijitokeza kwa sababu alilazimika kuiandika kama amri ambayo mashine itaitii neno kwa neno. Tangu siku ile sijawahi kuona kodingi kama somo la pembeni.

Niko Al Wakrah, mji wa pwani kusini mwa Doha ambao zamani uliishi kwa uvuvi na lulu, na leo unajulikana zaidi kwa soko lake la ufukweni na Uwanja wa Al Janoub, ule uliofunguliwa mwaka 2019 na ambao Zaha Hadid aliubuni kwa kuiga jahazi na tanga lake. Jumamosi asubuhi nakutana na watoto 12 wa familia za Kenya, Tanzania na Uganda. Tuna laptopu 5. Wakati wa wiki wanasoma katika shule tofauti, kwa mitaala tofauti, na somo ninalowapa halimo katika ratiba ya shule yoyote. Pengine ndiyo maana nimepata nafasi ya kujaribu haya kwa utulivu. Ninakuandikia wewe mwalimu uliyeko Kisumu, Morogoro au Muscat, ambaye labda umeshaambiwa kwamba kodingi lazima ifundishwe lakini hukupewa kipindi cha kuifundishia. Kenya, kwa mfano, iliidhinisha mtaala wa kodingi kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022 kupitia taasisi yake ya kukuza mitaala, KICD. Kipindi cha ziada unaweza usikipate kamwe. Vipindi vya sayansi, hesabu, historia na Kiswahili unavyo tayari.

Anza kwa kuukwepa mtego mmoja. Mwambie mtoto yeyote atengeneze mchezo wa kompyuta kuhusu somo fulani, naye atakuletea maswali na majibu: paka anauliza "mji mkuu wa Uganda ni upi?", ukijibu sawa paka anaruka na nyota zinaongezeka. Mimi pia nilianza hivyo, nikapoteza miezi miwili. Watoto walifurahi, lakini somo walilikuta limekwisha kuandikwa kitabuni na wao wakalinakili. Siku hizi nina kipimo kimoja ambacho hata watoto wanakijua kwa moyo. Ondoa somo, weka jingine. Je, mchezo bado unachezeka vile vile? Kama badala ya miji mikuu unaweza kuweka sehemu za ua na hakuna kinachoharibika, basi somo halimo ndani ya mchezo, limepakwa juu kama rangi. Rudi ukaanze upya. Mchezo wa mzamia lulu huwezi kuuondolea mgandamizo, kina na pumzi ukabaki na mchezo. Kanuni ya somo ndiyo kanuni ya kushinda na kushindwa.

Kwa hiyo kazi ya mwalimu, kabla hajagusa kompyuta, ni kuipekua mada na kuiuliza: kitu gani kikibadilika humu, kipi kingine hubadilika nacho? Mvua ikipungua, mavuno yanakuwaje? Upande wa mstatili ukirefuka, eneo linakuwaje? Mfalme akipandisha ushuru, wafanyabiashara wanaenda wapi? Mada yenye jibu la namna hiyo inafaa kuwa mchezo. Mada ambayo ni orodha tu ya majina au tarehe za kukariri iache ilivyo. Ina njia zake, na kuilazimisha kunazaa tena yule paka anayeruka.

Wazo lenyewe lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyefanya kazi MIT huko Marekani, alishiriki kuunda lugha ya Logo kwa ajili ya watoto mwaka 1967, na mwaka 1980 akaandika kitabu chake Mindstorms, akitaka mtoto aiongoze kompyuta badala ya kompyuta kumwongoza mtoto. Mwanafunzi wake Idit Harel aliwapa watoto wa darasa la 4 mjini Boston kazi ya kutengeneza programu za kufundishia hesabu za sehemu. Wale watoto walizielewa sehemu vizuri zaidi kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida, na Logo wakaijua pia. Kisha Yasmin Kafai akaigeuza kazi hiyo kuwa ya michezo: watoto wa darasa la 4 wakabuni michezo ya kuwafundisha sehemu wadogo zao wa darasa la 3. Ukitaka neno moja la kukumbuka katika yote hayo, kumbuka "wadogo zao". Mtoto anayejua kwamba kazi yake itachezwa na mdogo wake huifikiria upya kwa namna ambayo alama ya mwalimu haiwezi kumlazimisha.

Hapa Qatar nako wazo hilo limepita. Carnegie Mellon, iliyofungua tawi lake la Doha mwaka 2004, iliendesha mradi ulioitwa Alice Middle East, uliochukua programu ya Alice ya kujifunzia kodingi kwa hadithi za picha na kuiongezea maumbo ya maisha ya huku, ili mtoto wa Ghuba ajikute ndani yake. Sisi tunatumia Scratch, ile ya kupanga vipande vya amri kama matofali, iliyotolewa na kundi la Mitchel Resnick wa MIT mwaka 2007. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti ukishaipakua, na inaweza kubadilishwa iwe kwa Kiswahili.

Usiogope kama hujawahi kuandika programu. Chukua jioni mbili utengeneze mchezo mdogo mwenyewe, hata wa kumkimbiza kuku. Mambo unayohitaji ni 5: tukio linaloanzisha kitu (ukibonyeza hapa, anza), kurudia, sharti (ikiwa hivi, fanya vile), kigeu, yaani kisanduku chenye jina kinachotunza namba, na orodha. Yanayobaki watoto watayagundua wao na kukufundisha, na hilo lisikunyime usingizi. Kwenye kikundi changu mvulana mmoja wa darasa la 7 ananizidi mbali kwa kodingi. Ukweli wa somo ndio nisiomwachia. Yeye anajua namna ya kumshusha mzamiaji. Mimi ninajua kwamba mapafu hayali oksijeni zaidi kwa sababu yamebanwa.

Siku ya kwanza kompyuta zibaki ndani ya mikoba. Sisi tulianza na bao. Tulichora mashimo 32 kwenye karatasi kubwa, safu 4 za mashimo 8, tukahesabu kunde 64 kuwa kete, na nikawagawa wawili wawili: mmoja ni mashine, hajui lolote ila kutii, mwingine amwandikie maagizo ya kupanda kete. "Chukua kete zote za shimo hili. Weka 1 katika kila shimo linalofuata." Mashine ikauliza: upande gani? Mwandishi akaongeza upande. Mashine ikafika mwisho wa safu ikasimama. Mwandishi akaongeza la kufanya ukifika mwisho. Kete ya mwisho ikaangukia shimo tupu: je, tunaendelea au tunalala? Ndani ya dakika 20 walikuwa wameandika kurudia na masharti bila kusikia hata neno moja la kitaalamu, na nilipowaonyesha vipande vya Scratch wiki iliyofuata, mmoja alisema tu, "Aa, ni kulala."

Baada ya hapo kila kundi hujaza karatasi moja kabla ya kupewa laptopu: mchezaji ni nani, anatafuta nini, nini kinamzuia, na ni kanuni gani ya somo inayoamua afike au asifike. Mstari wa mwisho ukiwa mtupu, laptopu haifunguliwi. Ninakuwa mkali hapo, kwa sababu mtoto akishaanza kuchora jahazi lake hutamrudisha tena kwenye kanuni.

Sasa tumrudie mzamiaji, maana mchezo wake umebeba masomo matatu na ningependa uone namna yanavyoshikana.

Hesabu iliingia kwanza. Jukwaa la Scratch lina urefu wa hatua 360 kutoka chini hadi juu, na katikati yake ni sifuri, kwa hiyo namba zinaanzia -180 chini hadi 180 juu. Watoto waliamua uso wa maji uwe kwenye 150 na sakafu ya bahari kwenye -150. Hizo ni hatua 300 za kuwakilisha mita 20, yaani hatua 15 kwa kila mita. Kina cha mzamiaji ni 150 toa mahali alipo, gawanya kwa 15. Msichana mmoja ambaye mama yake aliniambia kwamba namba hasi zimemshinda alikaa na fomula hiyo karibu nusu saa, kwa sababu alipoweka -150 alipata sifuri. Alikuwa amejumlisha badala ya kutoa. Alipokuja kuona kwamba 150 toa -150 ni 300, aliinuka kwenye kiti. Hakuna aliyemweleza kanuni ya hasi mbili. Aliihitaji, kwa kuwa mzamiaji wake alikuwa amefika sakafuni na kompyuta inasema bado yuko juu ya maji.

Sayansi umeshaiona. Tulirekebisha hivi: mapafu yachorwe pembeni mwa skrini yakisinyaa kadiri anavyoshuka, mpaka theluthi kwenye mita 20, lakini pumzi zihesabiwe kwa muda na kazi. Kila mzamiaji aanze na pumzi 90. Akitulia apoteze 1 kwa sekunde, akitumia misuli yake apoteze 2. Makadirio hayo ni yetu, na niliwaambia wayaandike wazi kwenye maelezo ya mchezo kwamba ni makadirio. Lililofuata sikulipanga. Wakamshusha mzamiaji kwa kuogelea, mita 1 kwa sekunde. Kushuka kulimla pumzi 40, kupanda 40, akabaki na 10, na kwa kuwa kuokota nako ni kazi, alipata sekunde 5 tu za kuokota chaza. Mvulana mmoja akauliza kama yule wa zamani naye aliogelea. Nikawaonyesha picha: mzamiaji wa Ghuba alifunga jiwe zito mguuni lililomshusha bila jasho, akabana pua kwa kibano kidogo, na alipotikisa kamba, mwenzake aliye juu chomboni alimvuta. Wakaweka jiwe na kamba. Sasa kushuka kulikula pumzi 20, kupanda 20, zikabaki 50, yaani sekunde 25 sakafuni. Mara 5 zaidi. Jiwe na kamba, ambavyo kitabuni ni picha ya kupita haraka, hapa walivielewa kwa hesabu ya pumzi. Mvuta kamba naye wakamwona kwa mara ya kwanza. Wakampa jina na uso.

Historia ndiyo iliyowashtua. Katika utaratibu wa lulu, mzamiaji alichukua malipo ya awali kabla ya msimu ili familia yake ile katika ile miezi ya kiangazi ambayo yeye yuko baharini. Msimu ukiisha, mapato yalitolewa gharama za chombo, kisha yakagawanywa kwa mafungu. Mara nyingi mzamiaji alipata 3 na mvuta kamba 2. Asiyefikisha alibaki na deni kwa nahodha, na deni likamfunga kwa msimu unaofuata. Kundi moja liliandika haya yote kwa vigeu vitatu tu: mapato, gharama, deni. Wakacheza misimu mitano. Wakaja kwangu wakilalamika: "Mwalimu, gemu imeharibika. Hakuna anayeshinda, deni linaongezeka tu." Nikaikagua. Haikuwa na hitilafu.

Hapo ndipo mwalimu anapaswa kunyamaza kidogo na kuwaacha waitazame ile namba inayopanda. Jumamosi iliyofuata tulipanda metro ya mstari mwekundu kutoka Al Wakrah hadi Msheireb, Doha, tukaingia Nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho yanayoeleza habari za utumwa katika Bahari ya Hindi. Watoto hawa wa Afrika Mashariki walisoma kwamba miongoni mwa waliozamia lulu katika Ghuba walikuwemo watu waliotolewa pwani yetu wakiwa watumwa, na kwamba utumwa ulikomeshwa kisheria Qatar mwaka 1952. Hakuna aliyewaambia waongeze lolote kwenye mchezo. Waliporudi waliongeza mhusika wa pili ambaye fungu lake lote linakwenda kwa bwana wake, na mchezaji hapewi nafasi ya kuchagua nani awe. Kompyuta huchagua. Kundi jingine liliongeza kushuka kwa bei ya lulu katika miaka ya 1930, pale lulu za kufugwa za Wajapani na mdororo wa uchumi wa dunia vilipoiua biashara hiyo.

Jiografia ina mchezo wake, nami sitaikalia sana, ingawa ni rahisi kuanza nayo. Orodha ya miezi 12, kila mwezi na upepo wake: kaskazi inayoteremsha majahazi kuelekea Lamu na Zanzibar, kusi inayoyarudisha, na ile miezi ya kati ambayo upepo hauna uhakika. Mchezaji apakie boriti za mikoko, zile zilizoezekea nyumba za zamani za Ghuba, aamue ang'oe nanga lini. Mtoto aliyekosea mwezi akakwama baharini hatasahau kusi ni ya lini.

Mambo machache ya darasani ambayo nimejifunza kwa kuumia. Laptopu moja watoto wawili, watatu wakizidi sana. Mmoja ashike kibodi, mwingine asome karatasi ya kanuni na kuelekeza, wabadilishane kila dakika 15, na utumie saa ya mlio, kwa sababu usipoipima, wavulana wakubwa watashika kibodi tangu mwanzo hadi mwisho na wasichana wataachiwa kuchora. Nimeliona hilo kila nilipolegeza kamba. Muda wa mapambo uwe wa mwisho. Kila kundi lihifadhi kazi kwenye flashi kwa jina la kundi na tarehe, na toleo la zamani lisifutwe, kwa kuwa siku mambo yatakapovurugika watataka kurudi nyuma. Kama mnatumia intaneti, majina kamili na picha za watoto zisiwekwe popote. Kama una kompyuta moja tu shule nzima, fanyeni sehemu kubwa kwa karatasi na kunde, kisha kila kundi lije kwa zamu likiwa limeshaandika amri zake kwenye vipande vya karatasi. Kundi lililojiandaa hivyo humaliza kwa dakika 30 kazi ambayo wengine huifanya kwa saa mbili.

Katika kupima, usitoe alama kwa uzuri wa picha. Kaa karibu na mtoto, badilisha namba moja kwenye programu yake, na kabla hajabonyeza aseme nini kitatokea. "Ile 15 nikiifanya 30, sakafu itakuwa mita ngapi?" Anayejibu 10 na kueleza kwa nini ameelewa vipimo, hata kama jahazi lake linafanana na kiatu. Halafu waite wadogo wacheze. Aliyetengeneza mchezo akae nyuma yao kimya na daftari, asiwasaidie. Hapo ndipo ataona kwamba maelezo yake hayaeleweki, na kwamba kitu alichokiona dhahiri si dhahiri kwa mtu wa miaka 7.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, hauna bahari. Ni wa Kiswahili. Watoto hawa wanasikia Kiarabu na Kiingereza mchana kutwa, na Kiswahili chao kimeanza kulegea kwenye upatanisho: "kitabu yangu", "viti mzuri". Nikawapa kazi ya kumfundisha roboti wa dukani Kiswahili sanifu. Mchezaji aandike jina, roboti ajibu kwa kivumishi sahihi, na akikosea mteja aondoke. Wakaanza kwa kujiamini: ikiwa herufi mbili za mwanzo ni k na i, kivumishi kianze na ki-. Kiti kizuri. Kisu kizuri. Kitabu kizuri, na hapo mmoja akagundua kwamba neno hili analijua kutoka darasa la Kiarabu, ambako wingi wake ni kutub. Kiswahili kililiona lile ki- la mwanzo kikalifanya lake, kikazaa vitabu. Tulikaa juu ya hilo nusu kipindi. Kisha mtu akaandika kilo, roboti akasema "kilo kizuri", wakaiandikia sharti lake.

Halafu ikaja kijana. "Kijana kizuri," roboti akasema, na chumba kizima kikacheka. Wakatengeneza orodha ya viumbe hai: kijana, kiongozi, kipofu, kima. Ikiwa neno limo kwenye orodha, kivumishi kianze na m-. Waliyaandika masharti yote mawili, lakini sharti la ki- likitangulia roboti alikosea, na la orodha likitangulia alipatia, na hapo wakajifunza kwamba mpangilio wa masharti nao ni sehemu ya maana. Hakuna kitabu cha sarufi kilichowahi kuwafanya wabishane kiasi kile kuhusu A-WA na KI-VI.

Jumamosi iliyopita mtoto wa miaka 9 aliandika kiboko. Roboti akajibu "kiboko mkubwa", maana neno hilo walishaliweka kwenye orodha. Mwenzake akapinga: babu yake alikuwa na kiboko ukutani, na kile ni kikubwa, si mkubwa. Wote wawili wako sawa. Herufi ni zile zile, na kompyuta haiwezi kujua kama unasema mnyama wa mtoni au fimbo ya ngozi. Walijaribu kwa saa nzima. Mwishowe waliamua roboti asijibu, aulize kwanza: "Kinapumua?"

Jioni yule msichana wa mzamia lulu alimsimulia bibi yake wa Tanga kwa simu. Asubuhi nikapokea ujumbe wa sauti uliopelekwa kwangu, bibi akicheka huku jogoo akiwika nyuma yake: "Mwambieni huyo roboti wenu, na kifaru je? Wa mbugani, au cha wanajeshi?"

Jumamosi hii zamu ya kibodi itakuwa ya mjukuu wake.